Jicho Usilivunje

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ndio wosia anaopewa karibu kila anayefunga mizigo kwenda ugenini: fanya wafanyavyo wenyeji, hutakosea. Umewaepusha wengi na aibu, sikatai. Lakini tukidhani kwamba kuiga ndiyo adabu yote ya msafiri, tunajidanganya.

Tazama Gion, mtaa wa kale mjini Kyoto, Japani, wanakofanya kazi wasanii wa kike waitwao geiko na wanagenzi wao, maiko. Mgeni anayetaka kufanana na wenyeji hapati taabu: kimono hukodishwa, na watalii wengi huzivaa. Kilichowachosha wakazi ni wageni wanaomzingira maiko anayewahi kazini, wakimwelekezea kamera usoni. Mwaka 2019 wakazi hao waliweka mabango ya kukataza picha katika vichochoro vyao binafsi, pamoja na onyo la faini ya yeni 10,000. Kimono humfananisha mgeni na mwenyeji, haya haikodishwi.

Tena, mara nyingi mwenyeji hahitaji kuigwa. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, Oman, hupokea wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke hutakiwa kufunika nywele, na kila mtu huvua viatu kabla ya kuingia ukumbi wa sala. Hakuna anayemtaka mgeni aswali. Akiinama na kusujudu ili apigwe picha, ameigiza ibada ya watu.

Huko Australia, Waanangu, wenye mwamba wa Uluru, kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasiupande, kwa kuwa kwao ni mahali patakatifu. Hawakumtaka mtu awe mmoja wao; walimtaka abaki chini tu. Hata hivyo wengi waliwatazama watalii wenzao wakipanda, nao wakapanda, hadi upandaji ulipopigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019.

Utaniuliza: je, mgeni asijifunze lolote? Ajifunze, tena kwa bidii. Oman ukikaribishwa kahawa, kikombe hujazwa tena na tena mpaka ukitikise kuonyesha kwamba umetosheka. Hilo lijue, maana ndivyo unavyomjibu aliyekukirimu. Hapo ndipo penye mpaka: jifunze yale yanayokuwezesha kumsikia mwenyeji na kumjibu, na yaliyo yake mwachie mwenyewe.

Kwa hiyo, msafiri, jicho usilivunje. Utalihitaji kusomea bango. Kabla ya kuinua kamera, omba ruhusa. Ukinyimwa, sema asante, uendelee na safari yako.