NDOANO NA MSHIPI: Kabla hujambeba besi kwenye ndoo

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia jinsi ya kuchagua ufito, lakini kuna barua iliyonifikia katikati ya juma ambayo haiwezi kungoja. Imetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huko Ukambani. Jina lake nalihifadhi, na la shule pia.

Kwa ufupi anasema hivi: "Shikamoo Mzee wa Ndoano. Shuleni kwetu kuna bwawa la kuvuna maji ya mvua. Lina ngege wengi ajabu lakini ni wadogo kama kiganja cha mtoto, na hawakui. Chama chetu cha mazingira kimesoma kwamba samaki aitwaye besi hula vitoto vya ngege, nao wanaosalia hunenepa. Mjomba wangu anafanya kazi Naivasha na amekubali kutuletea besi wachanga kwenye ndoo likizo hii. Je, tuwatie wangapi?"

Marahaba, mwanangu. Jibu langu ni kwamba msitie hata mmoja. Lakini swali lako si la kipumbavu hata kidogo, na nisingependa uondoke na "hapana" tupu kama mtoto aliyefukuzwa jikoni. Basi kaa kitako.

Kwanza nikupe haki yako. Mliyoyasoma ni kweli. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kulikuwa na mtaalamu kwa jina Homer Swingle ambaye kuanzia miaka ya 1930 alichunguza mabwawa ya wakulima kwa makini sana. Wao wana samaki wao bapa aitwaye blugili, ambaye pamoja na jamaa zake huitwa samaki wa kikaango, kwa vile mmoja mzima hutosha kwenye kikaango. Tabia yake ni kama ya ngege wenu: akiachwa peke yake bwawani huzaana mpaka chakula hakitoshi, na wote hubaki vibeti. Swingle alionyesha kwamba blugili wengi wakitiwa pamoja na besi wachache, besi hupunguza vitoto, blugili wanaobaki hukua, na mkulima hupata kitoweo cha aina mbili. Ila watu husahau nusu ya pili ya mafundisho yake, kwamba lazima mwenye bwawa avue kila mwaka, kwa kipimo, la sivyo mizani hupinduka upande mmoja au mwingine. Bwawa halijilindi lenyewe. Na nyinyi mtamaliza kidato cha nne mwaka ujao mwende zenu. Nani ataishika hiyo mizani?

Sasa njoo nyumbani. Ziwa Naivasha, anakotoka huyo besi wa mjomba wako, halikuwa na besi hata kidogo. Kwa hakika lilikuwa karibu tupu. Samaki aliyekuwa wake hasa, asiyepatikana kwingine duniani, alikuwa kijisamaki kidogo kuliko dagaa wa kawaida. Mwaka 1925 walitiwa ngege. Mwaka 1929 wakaletwa besi kutoka Marekani kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa burudani, na baadaye wakaongezewa wenzao. Yule kijisamaki alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena, na wataalamu wengi humnyoshea besi kidole.

Ukitaka kujua kwa nini, mwangalie besi mdomoni. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na mdomo wake ukiufungua unapita nyuma ya jicho. Hafukuzi windo mbali. Hujificha kwenye mafunjo au chini ya mti ulioanguka, kisha kinywa hicho hufunguka na maji huingia pamoja na kila kilichomo: samaki, chura, kamba, kereng'ende, hata kinda la ndege lililoteleza. Hachagui kwamba leo ni ngege tu kwa sababu chama cha mazingira kimeagiza ngege.

Na mambo ya Naivasha hayakukoma hapo. Mwaka 1970 alitiwa kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye asili ya Louisiana. Besi alifurahi mno, maana kamba huyo akawa chakula chake kikubwa, lakini kamba naye alishambulia mimea ya majini, na yale mayungiyungi ya buluu waliyoyakumbuka wazee yakapungua hata kutoweka sehemu nyingi. Mwaka 2001 akaonekana samaki mwingine mgeni, kapi, aliyedhaniwa kuingia kwa bahati mbaya kutoka mabwawa ya watu huko juu mitoni, mafuriko yalipoyavunja. Kapi huchimba tope akitafuta chakula. Maji huchafuka, na besi, ambaye huwinda kwa macho, hujikuta kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Katika miaka michache kapi alishika sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi, na besi akawa wa kutafutwa. Umeona basi: mabwawa ya watu, mvua kubwa, na ziwa zima likageuka.

Wajapani nao wameonja. Besi aliingizwa kwao mwaka 1925 katika ziwa moja la milimani liitwalo Ashi. Leo yumo karibu kila mahali, na sehemu kubwa ya safari hiyo hakuogelea, alibebwa na wapenzi wa kuvua. Tangu mwaka 2005 sheria yao inakataza kumfuga au kumsafirisha akiwa hai. Na cha kuchekesha ni kwamba mwaka 2009 ni huko Japani, katika Ziwa Biwa, alikovuliwa besi wa kilo 10 na ushei aliyelingana na yule wa George Perry wa Georgia, Marekani, ambaye rekodi yake ilikuwa imesimama tangu 1932. (Perry alimpeleka wake nyumbani akaliwa na familia. Wakati huo watu walikuwa na njaa.)

Lakini haya yote ungeweza kuyasoma vitabuni. Nitakalokuambia sasa halimo kitabuni, na sijapata kuliandika hapa miaka yote hii.

Nilipokuwa na umri kama wako, mimi na binamu yangu tulifanya hicho hicho unachotaka kufanya. Babu yetu alikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe nje ya Nakuru. Ndani mlikuwa na visamaki vya mtoni, vya urefu wa kidole, na vyura wasio na idadi. Watoto wa mtaa mzima walikuja jioni na pini zilizopindwa na uzi wa kushonea, wakavua, wakavichoma kwa moto wa magunzi. Sisi wawili, tuliokuwa tumeanza kusoma magazeti ya uvuvi, tuliona hiyo ni aibu. Tulitaka samaki wa maana.

Tulikwenda Naivasha kwa matatu, na debe. Besi ana desturi moja ambayo ilitusaidia sana: dume ndiye mlezi. Yeye huchimba kiota cha duara kwenye maji ya kina kifupi, huyapepea mayai kwa mkia, na watoto wakianguliwa huwalinda wakiwa kundi moja jeusi linalotembea kama kivuli. Tulilipata kundi hilo kando ya mafunjo, tukalichota kwa kipande cha pazia. Lile dume lilikuja likanigonga mkono. Halikukimbia. Lilizunguka pale pale hata tulipokuwa tumekwisha kupanda ukingoni, na mimi nilicheka. Njiani tulibadilisha maji mara mbili, na jioni tukamimina kwenye bwawa la babu labda sitini waliokuwa hai.

Mwaka wa kwanza tulikuwa mashujaa. Mwaka wa pili tulivua besi wa nusu kilo, na babu aliwasifu. Mwaka wa tatu visamaki vya mtoni havikuwamo tena. Usiku niligundua kitu kingine nikiwa nimelala: vyura walikuwa kimya. Besi wenyewe walikuwa vichwa vikubwa na miili myembamba kama bua, kwa kuwa walikuwa wamebaki kulana wao kwa wao. Watoto wa mtaa walikuja na pini zao jioni mbili tatu, kisha wakaacha kuja. Babu hakutugombeza. Aliuliza mara moja tu, tukiwa mezani: "Wale samaki wa watoto mliwapeleka wapi?"

Kisha mvua ya masika ikaja kubwa kuliko kawaida, bwawa likafurika, na maji yakateremka hadi kwenye kijito kilicho chini ya shamba. Ni wangapi waliokwenda nayo na walifika wapi, sijui mpaka leo. Binamu yangu amekwisha kufariki na hatukupata kulizungumza jambo hilo tukiwa watu wazima.

Sasa angalia bwawa lenu. Unasema ni la kuvuna maji ya mvua, na barua yako inataja kwamba mwezi wa Novemba hufurika hadi kwenye korongo. Makorongo mengi ya upande huo huelekea Mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana, halafu Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Ndani ya mto huo kuna ngege wa asili wa nchi hii na visamaki vingine ambavyo kinywa kile kingeweza kuvimeza. Isitoshe, kuhamisha samaki wageni na kuwatia katika maji mengine ni jambo linalohitaji kibali cha wakuu wa uvuvi, na si la mjomba na ndoo.

Ngege wenu basi tutawafanyaje? Tatizo lenu si kukosa adui, ni msongamano. Ngege akisongamana huanza kuzaa akiwa mdogo sana. Chakula chote huenda kwenye mayai badala ya mwili, na katika jamii nyingi za ngege jike huyabeba mayai na watoto kinywani, kwa hiyo vifo ni vichache. Dawa ya kwanza ni kuvua, na kuvua kwa wingi kuliko mnavyodhani. Chama chenu kina wanachama wangapi? Ishirini? Kila mmoja atafute mwanzi wa mita tatu, mshipi mwembamba wa urefu huo huo, ndoano ndogo ya namba 10 au 12, na kielea cha kipande cha bua. Chambo ni nyungunyungu au donge la ugali mgumu lenye ukubwa wa punje ya maharagwe. Shusheni chambo karibu na majani, nusu mita hivi chini, na kielea kikianza kutembea kando msivute kwa nguvu, inueni tu. Kila samaki apimwe na kuandikwa daftarini. Wale wadogo wasirudishwe, jambo ambalo najua litawauma wengine, lakini huruma hapa ndiyo iliyowafanya wakonde. Jikoni kwa shule watapokelewa vizuri.

Fanyeni hivyo muhula mzima, kisha mlinganishe daftari. Mkiona bado, mwombeni mwalimu awasiliane na afisa wa uvuvi wa kaunti. Kama bwawa linaweza kukaushwa wakati wa kiangazi, mtaanza upya kwa vifaranga vya madume matupu, ambavyo huzalishwa katika vituo vya kufugia samaki kama kile cha Sagana kilichoanza mwaka 1948. Wafugaji wengine hapa nchini huchanganya ngege na kambare, ambaye naye hula vitoto. Hilo pia muulizeni afisa kwanza, maana kambare hutambaa nje ya bwawa usiku wa mvua kana kwamba ameitwa.

Na kama hamu yenu hasa ni besi (nami naihisi katika barua yako, usinifiche), mfuateni aliko. Besi wa Naivasha bado yupo, na kumvua ni raha isiyo na mfano. Kwa kuwa ziwa lilipanda sana kufikia mwaka 2020, kuna migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, na kivuli cha shina lake ni mahali pazuri pa kutupia chambo bandia chenye umbo la kamba. Kivuteni polepole, mkisimamisha mara kwa mara. Lazima muwe na leseni, mashua ya mtu anayelijua ziwa, na jaketi za kuokolea kwa kila mmoja, hata yule anayejigamba kwamba ameogelea Mombasa. Viboko wa pale wameua watu. Msikanyage ukingoni kabla jua halijatoka wala baada ya kuzama, na msipite baina ya kiboko na maji. Mkimwona besi amesimama mahali pamoja kwenye maji mafupi, hataki kuondoka hata kivuli cha mashua kikimwangukia, mpiteni. Hapo ana watoto.

Mwanangu, nimeituma barua yangu kwako moja kwa moja pia, ikufikie kabla mjomba hajasafiri. Niandikie ifikapo mwisho wa muhula, unitumie hesabu za daftari. Ningependa kuzichapisha hapa.

Habari za ufito ni Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.