Haki ya Unyumba kwa Ndugu Zetu Walemavu

Liko jambo ambalo viongozi wetu hulizungumza kwa kunong'ona, na wazee wetu hulipita kimya kama mtu apitaye chini ya mzinga wa nyuki. Jambo lenyewe ni haja ya unyumba kwa ndugu zetu wenye ulemavu. Leo tunalileta hadharani, kwani kimya chetu kinawaumiza watu.

Katika nchi nyingine jambo hili limefika mahakamani na bungeni. Nchini Australia, mwaka 2020, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba mwanamke mmoja mlemavu aweza kulipiwa huduma ya mtaalamu wa tiba ya ngono kutoka katika mfuko wa serikali. Mwaka 2024 sheria ikabadilishwa, na malipo ya namna hiyo yakakatazwa. Ufaransa nako, Kamati ya Taifa ya Maadili ilipinga mwaka 2012 fikra ya kuwapa walemavu wahudumu wa kulipwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hata penye mali nyingi watu hawajakubaliana.

Kwetu sisi njia hiyo haimo. Dini zetu haziikubali, na Kanuni ya Adhabu humwadhibu yule anayeishi kwa mapato ya umalaya. Hatuandiki maoni haya ili tuiombe. Lakini haifai kuwacheka wenzetu kabla hatujajiuliza swali moja: ikiwa huduma ya kununua ni haramu, je, ile njia ya halali tumemfungulia mlemavu?

Tutazame Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya Wakonongo, nchi ya miombo, asali na tumbaku. Watu wake ni wakarimu. Asiyeona hapewi mgongo penye chakula. Lakini kijana huyo huyo akitamka kwamba anataka kuoa, baraza zima huangua kicheko. Binti asiyeweza kutembea huambiwa akae kwao atunzwe. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba asidhani kwamba mambo hayo ni ya bara peke yake. Na atazame mtaani kwake, ahesabu ni posa ngapi zimekwenda kwa binti kiziwi.

Mizizi ya kosa hili ni ya siku nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kweli liliposema kuwa watoto wadogo, wazee na vilema ndio wanaostahili kuishi kwa jasho la wenzao. Baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, 1981, Bunge lilitunga mwaka 1982 sheria ya ajira ya walemavu na sheria ya matunzo yao. Zilikuwa hatua za heshima. Hata hivyo fikra ya matunzo ilikaa juu ya fikra ya haki: mlemavu alionekana kuwa tumbo la kushibishwa na mwili wa kuvishwa. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikitia kifafa chenye kurudia miongoni mwa sababu za kuomba ndoa ibatilishwe.

Tangu hapo tumepiga hatua. Zanzibar ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2006. Mwaka 2009 Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara yake ya 23 inalinda haki ya ndoa na familia, na ibara ya 25 inataja waziwazi huduma za afya ya uzazi. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikafuata huku Bara. Maandishi tunayo, kilichobaki ni kuyatenda.

Mtu akinyimwa ndoa, haja yake haifi. Wapo wanaume wanaomwendea mwanamke mlemavu usiku na kumkana mchana. Wapo wanaomwona salama kwa kudhani kwamba hajawahi kuguswa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na Benki ya Dunia wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba walemavu wamo katika hatari ya UKIMWI sawa na wengine au zaidi. Na mwanamke mlemavu aliyekosa shamba, kazi na mume anaweza kuishia kuuza mwili wake. Huyo naye ni mwananchi. Miongozo ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 na 2017 iliwahesabu wafanyao biashara hiyo miongoni mwa wanaopaswa kufikiwa na huduma za UKIMWI. Akifika zahanati apewe dawa. Matusi hayajapata kumponya mgonjwa.

Kwa hiyo tunawaambia watendaji wa serikali mambo yaliyo wazi. Kiziwi anayekwenda kupima asilazimike kufuatana na kaka yake awe mkalimani, kwani hapo siri imekwisha. Wafundishwe wauguzi lugha ya alama. Kitanda cha kujifungulia kishuke hadi pale mwanamke asiyesimama atakapoweza kukipanda. Kesi ya mlemavu aliyebakwa isimalizwe kwa mbuzi wa fidia kati ya wazee. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haina mlango wa mbuzi. Nao masheikh, makadhi na mapadri wawakumbushe wazazi kwamba posa ya mlemavu ni posa.

Tuliosoma chuoni tunaikumbuka Sura ya Abasa, jinsi Mtume alivyoonywa kwa ajili ya kipofu mmoja, Ibn Umm Maktum, ambaye baadaye aliadhini na hata kuachiwa Madina aiangalie. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Alikuwa mtu wa kutumainiwa.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Anayecheka leo barazani hajui kesho ataamka na viungo vingapi. Akiamka na pungufu, atataka kuendelea kuitwa mume, au mke, au mzazi. Tumpe mwenzetu leo jina hilo tutakalolitaka sisi kesho.