Kozi tulifaulu, swali tulimeza

Wandugu vijana wa Bunia,

Semestri yetu ya mwisho chuoni tulisoma kozi ya Katiba. Profesa alisoma silabusi, sisi tukaandika. Mtihani ukakuja: état de siège inadumu siku ngapi? Tukajibu kama kasuku: kifungu cha 144, siku 30, kisha Bunge na Senati wanaweza kuongeza siku 15, tena 15. Pointi zote tulipata.

Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kuuliza: hizo 15 zitarudi mara ngapi? Inje ya darasa, Ituri iliwekwa chini ya wanajeshi tarehe 6 Mei 2021. Gavana, mwanajeshi. Raia mwenye kesi ya jinai, korti ya kijeshi. Tuliahidiwa amani, watu wa Djugu na Irumu wakaendelea kukimbia.

Leo niko na diploma, kazi sina. Lakini silii juu ya kazi tu. Ninalia juu ya lile swali tulimeza.

Wabunge na maseneta wa Ituri: kila siku 15 mulizoongeza zilituletea nini? Mutujibu mbele ya raia.

Na wewe kijana, ulisoma? Basi uliza!