Luofu: Nguo zinazoacha plastiki kijitoni, na kazi inayoweza kuanza kwa mchanga na kokoto

Asubuhi ya siku ya kufua, kwenye vijito vya Luofu na vya vijiji vya jirani, kusini mwa teritware ya Lubero, akina mama na wasichana hufika na mabeseni kichwani, sabuni mkononi, na nguo za juma zima. Hatua chache chini yao watoto wanajaza bido za maji ya kunywa. Ugomvi haukawii. Aliye chini analalamika kwamba anakunywa povu la aliye juu. Aliye juu anajibu kwamba hana mahali pengine pa kufulia. Tangu Kanyabayonga ianguke mikononi mwa M23 mwezi wa sita 2024 na familia nyingi kukimbilia upande wa kaskazini, ugomvi huo umezidi, kwa sababu maji ni yaleyale na watu ni wengi kuliko zamani. Mara nyingi mkimbizi ndiye anayelaumiwa kwanza.

Povu linaonekana, na ndiyo maana linagombaniwa. Kitu kingine kinatoka katika beseni lilelile na hakuna anayekiona: nyuzi ndogo mno za plastiki zinazokatika kutoka kwenye nguo.

Wengi wakisikia plastiki hufikiria mfuko mweusi na chupa ya maji. Lakini poliesta, kitambaa cha jezi za mpira, cha koti nyingi za mvua na cha blanketi laini zenye manyoya, ni mali moja na ile chupa. Vyote viwili hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Akriliki, ambayo triko nyingi za baridi zimesukwa kwayo, nayo ni plastiki. Nailoni vilevile. Leo karibu theluthi mbili za nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni za namna hiyo. Hata kitenge, ambacho wazee walikijua kuwa ni pamba, siku hizi kinapatikana sokoni kikiwa poliesta tupu, chenye rangi inayong'aa na bei ndogo.

Anayetaka kujua anacho kipimo cha bure. Avute uzi mmoja tu kwenye pindo, aushike kwa kibano au kwa vijiti viwili, auguse kwenye moto, nje ya nyumba na mbali na turubai. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu linalopukutika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hunuka plastiki, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Uzi uliochanganywa hufanya yote mawili kidogo kidogo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walipima jambo hili mwaka 2016. Walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa mara moja katika mashine zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilikadiria kwamba karibu asilimia 35 ya plastiki ndogo zinazoingia baharini zikiwa tayari vipande vidogo zinatokana na ufuaji wa nguo za namna hii. Ufaransa iliandika katika sheria ya mwaka 2020 kwamba mashine mpya za kufulia ziwe na chujio la nyuzi kuanzia 2025. Mambo hayo yote ni ya mashine, na mtu wa Luofu anaweza kusema kwamba hayamhusu.

Yanamhusu, ila si kwa namna anayodhani. Watafiti wa China walichapisha mwaka 2023 matokeo ya jaribio ambalo watu wa vijijini wangelisubiri kwa hamu kama wangeulizwa: walilinganisha kufua kwa mikono na kufua kwa mashine. Kitambaa cha poliesta tupu kilipofuliwa kwa mikono kiliachia kwa wastani vipande 1,853. Kilekile katika mashine kiliachia 23,723. Kuloweka nguo kabla, kuongeza sabuni na kusugua kwenye ubao kuliongeza nyuzi, lakini hazikuifikia mashine. Kwa hiyo mama anayepinda mgongo juu ya beseni, ambaye kila mara husikia kwamba yeye ndiye anayechafua mto, anaachia sehemu ndogo tu ya kile ambacho nyumba moja ya Paris au Brussels humwaga kwa kubonyeza kitufe. Heri jambo hilo lisemwe wazi kabla ya mtu yeyote kuja kumfundisha usafi.

Lakini udogo wake haumaanishi kwamba hakuna kitu. Huko Ulaya maji ya mashine hupita kwanza katika mitambo ya kusafishia maji machafu, ambayo hushika sehemu kubwa ya nyuzi. Hapa, kati ya beseni na kijito hakuna hata futi moja ya mchanga. Maji yanapomwagwa yanaondoka na kila kilichomo.

Yanaenda wapi? Milima hii wanajiografia waliiita Mitumba, jina lilelile la nguo za balo, sadfa ambayo wauzaji wa Butembo wangeicheka. Mgongo wake unagawa maji ya bara zima. Yanayoteremka magharibi hutafuta mto Kongo. Yanayoteremka mashariki huingia Ziwa Edward, kisha mto Semuliki huyachukua hadi Ziwa Albert na mto Nile. Tilapia wanaovuliwa Vitshumbi na Kyavinyonge, na kuliwa Beni, Butembo na Lubero, wanaishi katika maji hayo.

Kwa samaki wa maziwa haya makubwa, ushahidi wa kwanza ulitoka Mwanza, Tanzania. Watafiti walinunua sangara na sato sokoni, wakapasua matumbo yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: plastiki zilithibitishwa katika mmoja kati ya kila samaki watano, kwa aina zote mbili. Poliesta ilikuwa miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa.

Hapa kuna sauti inayostahili kusikilizwa. Mtu aliyelala chini ya turubai, ambaye hajui kesho atakula nini, atauliza kwa nini asumbuliwe kwa nyuzi asizoziona wakati kipindupindu kinaua kwa siku moja. Ana haki. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika mwaka 2019 kwamba plastiki ndogo katika maji ya kunywa hazionekani kuwa hatari kwa afya kwa kiasi kinachopatikana sasa, likataka utafiti zaidi. Hakuna sababu ya kumtisha mama kwamba triko ya mtoto wake inamuua. Na mtoto wa Luofu anahitaji triko; baridi ya milima hii haisubiri mjadala.

Ila dawa ya kipindupindu na dawa ya nyuzi, mahali hapa, zinakutana katika kazi moja. Mahali pa kufulia paondolewe juu ya chemchemi na juu ya mahali pa kuchota, pawekwe chini yake na kando ya kijito. Pajengwe sakafu ndogo ya mawe yenye mteremko, na mfereji mfupi unaoishia katika shimo la kunyonya maji: kokoto kubwa chini, kokoto ndogo juu yake, na mchanga mwishoni. Mchanga hushika nyuzi nyingi na uchafu mwingine, maji hunywea ardhini polepole. Tabaka la juu la mchanga likiziba, linakwanguliwa na kufukiwa mbali na maji, si kurudishwa kijitoni. Shimo lenyewe likae mbali na chemchemi na visima, la sivyo ugomvi utarudi kwa mlango mwingine. Kazi hii haihitaji saruji ya dola elfu. Inahitaji majembe, salongo ya siku moja au mbili, na makubaliano kati ya wenyeji na wakimbizi juu ya nani atausafisha mchanga na lini. Makubaliano ndiyo sehemu ngumu. Kamati ya maji isiyo na mama hata mmoja kutoka familia za wakimbizi itaandika sheria ambazo hakuna atakayezifuata.

Kisha kuna wale wanaochagua kitambaa. Luofu inajua maana ya kubaki na nguo za mwilini tu: mwezi wa nne 2009 waasi wa FDLR waliichoma, na mamia ya nyumba zikateketea pamoja na kila kilichokuwa ndani. Mtu akishapoteza hivyo hachagui. Anapokea blanketi analopewa na kitenge anachopewa. Blanketi hizo mara nyingi ni za poliesta kwa sababu ni nyepesi kubeba na bei yake ni ndogo, nazo, kwa manyoya yake, ni miongoni mwa nguo zinazopukutika zaidi. Mashirika ya misaada hununua kwa maelfu kwa mara moja. Yakiandika katika zabuni zao kwamba kitenge kiwe pamba, na kwamba blanketi lisukwe kwa namna isiyopukutika ovyo, muuzaji atatafuta hicho. Mama mmoja sokoni hana nguvu hiyo hata akijua kuchoma uzi mara mia.

Kwa mitumba, wengine wataharakisha kusema ipigwe marufuku. Haifai. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuipunguza hadi kuiondoa kufikia 2019. Rwanda ndiyo iliyosimama, ikapandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikaiondolea nguo zake nafuu ya ushuru mwaka 2018. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022 na siku moja itaulizwa msimamo wake. Ukifunga Kasindi kwa balo leo, utawavua nguo wakimbizi na utaua biashara ya wanawake wanaolisha familia kwa faida ya shati mbili kwa siku.

Tatizo halisi ni takataka iliyofungwa ndani ya balo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 kuhusu Kenya ilikadiria kwamba nguo za mtumba zaidi ya milioni 900 ziliingia nchini humo mwaka 2021, na karibu nusu yake, milioni 458, hazikufaa kuuzwa. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za plastiki. Mama anayefungua balo Butembo na kukuta robo yake imechanika amelipia takataka ya mtu mwingine, na gharama ya kuitupa ni yake pia. Wanaouza balo kwa jumla wanapaswa kubeba hasara hiyo. Na nguo iliyoshindikana isiwashe makala. Moshi wa poliesta ndani ya nyumba ndogo ni ubaya unaomfikia mtoto siku hiyohiyo.

Utafiti nao hauna sababu ya kusubiri wageni. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye wanafunzi wa kilimo, wa udaktari na wa mifugo. Ndoo, chujio laini na darubini zinatosha kuanza: maji ya juu ya mahali pa kufulia, maji ya chini yake, maji kabla na baada ya shimo la mchanga, na matumbo ya samaki wa Vitshumbi. Mwanafunzi avae pamba siku hiyo na afunike vyombo vyake, kwa sababu nyuzi za shati lake mwenyewe huruka hewani na kuangukia katika kipimo. Ng'ambo ya ziwa, wavuvi wa Katwe na Rwenshama wanatumia maji hayohayo, na Uganda ina taasisi ya utafiti wa uvuvi huko Jinja. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kuvuka mpaka huo miaka yote. Wanasayansi wanaweza kufuata njia yao.

Kuhusu nguo inayorudi udongoni bila kuacha kitu, eneo hili lilikuwa nayo kabla ya Ulaya kuitafutia jina. Baganda humenya gome la mti wa mutuba, huufunika mti kwa majani ya ndizi, na gome huota tena. UNESCO ililitambua gome hilo kama urithi wa binadamu mwaka 2005. Wambuti wa msitu wa Ituri nao walipiga magome na kuyachora. Hakuna anayetaka mtu wa Luofu avae gome kwenye baridi. Lakini Kongo hii ililima pamba na kuifuma, na kiwanda cha SOTEXKI cha Kisangani kilichapa vitenge vilivyovaliwa hadi huku kabla hakijadhoofika. Fundi cherehani anayeweka kiraka cha pamba kwenye kiwiko cha triko, ili idumu msimu mwingine bila kununuliwa mpya, anafanya sehemu ya kazi hiyo leo. Majaribio mengi yameonyesha kwamba nguo huachia nyuzi nyingi zaidi katika kufuliwa mara za kwanza, kwa hiyo triko ya zamani inayoshonwa na kuvaliwa tena ni nafuu kwa kijito kuliko mpya ya bei rahisi.

Kiangazi, vijito vinapopungua, ndicho kipindi cha kuchimba. Mchanga unapatikana, njia zinapitika, na mahali pa chemchemi panaonekana vizuri. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, mashimo yatajaa matope kabla hayajawekwa kokoto.