Maneno ya Faragha
Wazee wa Sindo, wakibarizi jioni ufukweni mwa Ziwa Viktoria, husimulia kana kwamba sulhu ya Kenya ya mwaka 2008, iliyofuata ghasia za uchaguzi, ilizaliwa Februari 28, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walipotia saini mbele ya mpatanishi Kofi Annan. Nami, pamoja na taadhima yangu kwao, nasema wino ule usingalifaa kitu lau wabunge, ambao Annan alikutana nao faraghani tarehe 12 ya mwezi uo huo, wasingalishawishika kuyapa makubaliano nguvu ya sheria, kama walivyofanya Machi 18. Kubembeleza wabunge kwa siri si haramu pale roho zaidi ya elfu moja zimekwisha kupotea katika ghasia. Ila raia, mwenye kura yake, anastahiki kuambiwa, walau baada ya moto kuzimika, yaliyonenwa milango ilipofungwa.