Kuuguza si Kuponya

Kitenzi "kuugua" huzaa "kuuguza", na "kupona" huzaa "kuponya". Aliye kitandani huugua. Mamaye, ndugu na majirani humuuguza: humwosha, humnywesha uji, hukesha naye, humwombea. Kuponya ni jambo jingine kabisa. Leo nawashutumu wale wanaoyachanganya maneno haya mawili madhabahuni, kwani mkanganyiko wao unaua.

Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilielekeza macho katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa kutibu UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine waliondolewa hospitalini ili wapelekwe huko, na wapo waliokata roho kabla ya kukigusa kikombe. Viongozi wa serikali nao walikunywa. Wengine walirudi nyumbani wakaacha dawa za kufubaza virusi, wakiamini wamepona. Babu alifariki mwaka 2021, nami simsemi marehemu zaidi ya hapo. Shilingi 500 si bei ya tapeli, na anayeshangaa kwa nini maskini walimiminika Samunge hajawahi kudaiwa fedha za kusafishwa figo. Hilo ni deni la serikali zetu.

Shutuma yangu ni kwa wahubiri wa leo, hapa kwetu Uganda na kwa majirani, wanaomwambia mwenye virusi atupe vidonge ili kuonyesha imani. Vidonge hivyo hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali! Akiviacha, virusi vilivyokuwa vimefubazwa huanza tena kuongezeka. Kwa majuma kadhaa huenda asihisi lolote, na ni katika majuma hayo hayo anapopandishwa jukwaani kutoa ushuhuda. Baadaye, kifua kikuu kinapomlaza, kipaza sauti hakimfuati wodini. Marehemu hashuhudii, ndiyo maana kila ushuhuda tunaousikia ni mwema.

Tena angalieni hila ya hoja yao. Mgonjwa akipona, sifa ni za mhubiri. Akifa, imani yake ilikuwa haba. Mjane hurudi kutoka makaburini na misiba miwili: amefiwa, na ameambiwa kwamba marehemu alijiua kwa kutoamini. Huo ni ukatili, hata ukivikwa joho.

Wala wasijifiche nyuma ya Maandiko. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akaomba, akaongezewa miaka 15. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini zilizopondwa ziwekwe juu ya jipu lake. Nabii hakuona kwamba tini zinamvunjia Mungu heshima. Kwa Waislamu nako, Mtume Muhammad aliwahimiza wafuasi wake watafute tiba.

Atakayesema kwamba naidharau sala hajanisoma. Mgonjwa wa saratani asiyepata usingizi kwa hofu anahitaji mtu wa kumshika mkono na kusali naye usiku wa manane, na daktari hana dawa ya hofu hiyo. Sala ni kuuguza, na waumini wakiamua kuuguza wanaweza mengi: kumchangia mgonjwa nauli ya kliniki, kumpikia asimeze dawa na njaa, kumkumbusha saa yake.

Basi mhubiri anayetangaza kwamba fulani ameponywa, na amsindikize kwa daktari. Damu ichukuliwe, na mgonjwa akiridhia, majibu yasomwe mbele ya waumini wale wale waliopiga makofi. Mpaka daktari aseme vinginevyo, vidonge viendelee kumezwa.