Kompyuta yako ya kwanza usiianze na taa za rangi, ianze na stima

Wacha nianze na aibu yangu ili wewe usiipitie.

Oktoba moja, bonasi ya majani chai ilipoingia, mamangu alinitumia Sh20,000 kwa M-Pesa. Shamba letu liko upande wa Manyatta, Embu, na hiyo haikuwa pesa ya kuchezea, maana paa la jikoni lilikuwa linavuja. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, naishi kwa chumba kimoja hapa Makutano, Meru, nikiediti video za harusi kwa laptopu ya kuazima. Nikaongezea akiba yangu, nikaunda kompyuta ya mezani kwa mikono yangu mwenyewe. Kasha la kioo, feni tatu zinazowaka rangi kama matatu ya usiku. Nilijiona mhandisi.

Ilidumu miezi minne. Jioni moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, nikasikia “tap!” halafu harufu ya plastiki. Pawasaplai ilikufa, na ikaenda na bodi kuu pamoja na diski iliyokuwa na harusi mbili ambazo sikuwa nimekabidhi wenyewe.

Fundi aliyeifungua aliishika ile pawasaplai akacheka. “Boss, hii ni nyepesi kama mkate.” Kwa nje ilikuwa imeandikwa wati 600. Ndani hakukuwa na kitu cha kubeba hata nusu ya hizo. Niliinunua kwa sababu pesa zilikuwa zimeishia kwa kioo na taa.

Siku hizi naona vijana wengi Meru na Embu wakitaka kuunda mashine zao. Wengine ni wa geimu, wengine muziki, wengine kazi za mtandaoni. Nawaunga mkono kabisa. Lakini tunaunda kwa macho. Tunanunua kile rafiki ataona akiingia chumbani, halafu kile kinachobeba mashine yote tunakichukua kwa chenji iliyobaki. Mimi nasema tugeuze hiyo orodha.

Anza na stima. Umeme wetu ni wa volti 240, na kazi ya pawasaplai ni kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 bila kuyumba. Ikishindwa, kila kitu kilichounganishwa kiko hatarini. Na usinidanganye kwamba stima yako haipotei. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, sembuse kijiji chenu kukinyesha. Mashine isiyo na kadi kubwa ya grafiki haihitaji wati 600. Pawasaplai ya ukweli ya wati 450, ya kampuni inayojulikana, yenye nembo ya 80 Plus, inatosha na kubaki. Hiyo nembo hupima jinsi isivyopoteza umeme, si usalama wote, lakini ni afadhali kuliko sanduku lisilo na jina. Ongeza kifaa cha kulinda stima ukutani, na ukiweza, UPS ndogo ikupe dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Kama pawasaplai ni ya mtumba, angalia nyuma. Zingine zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa imetoka Marekani na bado iko kwa 115, ukiichomeka kwa ukuta wa Kenya utasikia mlipuko kabla hujaona skrini.

Pili, acha kununua jina. “Boss, hii ni i7!” Sawa, lakini i7 ya lini? Soma namba inayofuata. i7-3770 ni kizazi cha tatu, ya 2012. i3-12100 ni kizazi cha 12, ya 2022. Zote zina kori nne, na hiyo i3 inaiacha ile i7 mbali. Ukienda dukani na hii elimu moja tu, tayari umeokoa maelfu.

Kizazi kina maana nyingine pia. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Sasa jiulize kwa nini mashine za ofisi za kizazi cha sita na saba zinauzwa kwa bei ya kutupa. Si mbaya zote. Ukiweka Linux Mint, utaandika na kufanya kazi za mtandaoni bila shida. Ila ununue ukijua.

Tatu, jua picha itatoka wapi. Hii imeumiza wengi. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake. Ryzen 5 5600, bila hiyo G, haina. Kwa Intel, i5-12400 ya kawaida inayo, ila i5-12400F haina. Herufi moja tu! Ukinunua isiyo nayo bila kadi ya grafiki, utawasha, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Utadhani umeharibu kitu, kumbe umekosa kusoma.

Nne, hakikisha vitu vinaoana. RAM ya DDR4 haiingii kwa bodi ya DDR5, hata ulazimishe. Bodi za H610 zinazobeba i5-12400 ziko za aina zote mbili, kwa hivyo soma sanduku. Bodi ya AMD ya B450 inaweza kukataa prosesa ya mfululizo wa 5000 mpaka BIOS yake isasishwe. Mwambie muuzaji aisasishe na akuwashie mbele yako. RAM nunua vipande viwili vya 8GB, si kimoja cha 16GB, maana viwili vikifanya kazi pamoja, grafiki ya ndani inapata nguvu zaidi. Na bei ya RAM imekuwa ikipanda tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu vituo vya akili bandia duniani vinazimeza. Usipange bajeti yako kwa video ya YouTube ya mwaka juzi.

Sasa neno gumu. Kama huna pesa za kutosha, usiunde. Bado. Tafuta mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, mfano Dell OptiPlex 3060 au HP EliteDesk 800 G4, weka SSD, fanya kazi, weka akiba. Ujue tu kwamba nyingi za hizo zina pawasaplai na bodi za umbo lao wenyewe, kwa hivyo usitegemee kuzihamishia kwa kasha la kawaida baadaye. Kujiundia ni raha, lakini kodi ya nyumba haijali kama uliunda au ulinunua.

Na wenye maduka, kuanzia hapa Meru na Embu hadi kule Moi Avenue tunakoagiza mizigo ije na matatu, sikizeni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidi alichonunua. “Core i7, SSD, moto sana” si habari. Andikeni kizazi. Andikeni mtumba kama ni mtumba. Toeni risiti yenye muda wa waranti, si karatasi iliyopigwa muhuri tu. Kijana anayeingia kwako na elfu arobaini amezikusanya miezi mingi, na mara nyingi kuna mzazi nyuma yake.

Wewe nawe, andika orodha yako kwa karatasi kabla ya kupanda gari. Juu kabisa andika kazi utakayofanya. Chini yake pawasaplai, halafu prosesa, bodi, RAM, SSD. Kasha liwe la mwisho. Kama zimebaki za taa, weka taa, hakuna atakayekukataza.

Mashine yangu ya sasa iko kwa kasha la zamani jeusi, limekwaruzwa upande mmoja. Pawasaplai yake ni nzito. Harusi moja kati ya zile mbili nililipia fidia, ya pili nilisamehewa. Mamangu hajawahi kuniuliza juu ya zile elfu ishirini. Mwaka uliofuata nilinunua mabati ya jikoni, mvua ikanyesha, na hapo ndipo niliweza kumsimulia hii hadithi yote.